Kumwekea kumbukumbu kijana wenu aliyebaki Kagera

Sebuleni kwa bibi, Urambo, kulikuwa na picha moja iliyotundikwa juu kuliko kalenda. Kijana mwembamba, suruali ya bugaluu, saa mkononi, nyuma yake pazia la studio lililochorwa minazi, na huko Urambo mnazi hata mmoja sijauona. Sisi wajukuu tulikua tukiambiwa, "Huyo mjomba wenu, alikufa vitani." Basi. Nilipofika umri wa kuuliza zaidi, wenye majibu walikuwa wameshaanza kuondoka mmoja mmoja.

Haya ninayoandika ni yale tuliyoyafanya wenyewe, pamoja na tuliyoyakosea. Yanafaa kwa familia ya Kasulu, Nzega, Kibondo, Sikonge au Uvinza kama yalivyotufaa sisi. Hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mtu mmoja mwenye subira ambaye ndugu hawamwogopi.

1. Anza na walio hai, na anza wiki hii

Vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, vilianza 1978. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule alizaliwa 1958. Wenzake waliocheza naye mpira leo ni wazee wa kukaribia miaka 70. Makaratasi yanaweza kusubiri mwaka mwingine, wazee hawa hawawezi.

Nenda na sukari na sabuni, piga shikamoo, kaa. Usitoe simu ya kurekodia kabla chai haijanywewa, na ukiitoa omba ruhusa. Halafu usiulize, "Alikuwa mtu wa namna gani?" Swali hilo lina jibu moja tu Tanzania nzima: alikuwa kijana mzuri, mpole, hana makuu na mtu. Ndiyo heshima tunayowapa marehemu wote, hata waliokuwa wasumbufu wa mtaa mzima.

Uliza vitu. Baiskeli aliyoendesha ilikuwa ya nani? Alicheza namba ngapi? Alimdai nani, na nani alimdai? Aliogopa nini? Kazi gani ya nyumbani aliikwepa? Nilipomuuliza rafiki yake kuhusu ile saa ya kwenye picha, mzee alicheka mpaka akafuta macho. Saa ilikuwa ya mpiga picha. Kila aliyeingia studio ile alivishwa, na ilikuwa haitembei. Kwa hiyo Urambo kuna nyumba nyingi zenye picha ya kijana tofauti, saa ileile, na mishale imesimama mahali palepale. Kwa jibu hilo moja nikapata jina la studio, mwaka iliofungwa, na habari kwamba mjomba alipiga picha ile baada ya kuuza mfuko wa karanga ambao haukuwa wake.

Tarehe ni shida, kwa sababu wazee wetu hawakukaa na kalenda, walikaa na mashamba. Usiwalazimishe kutaja mwezi. Uliza kazi iliyokuwa ikifanyika. "Aliondoka tukihamishia miche ya tumbaku shambani" ni Novemba au Desemba 1978. "Habari ilikuja tukichambua majani" inakupeleka kwenye Aprili mpaka Juni 1979. Kigoma watakutajia maharage na mahindi, hesabu ni ileile. Kisha linganisha na mambo yanayojulikana: majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa tarehe 2 Novemba, akasema uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo, Kampala ilianguka 11 Aprili 1979, vita vikaisha mwanzoni mwa Juni. Mtu akikuambia habari ya kifo ililetwa kabla miche haijatoka kitaluni, ama amechanganya mwaka ama amemchanganya mtu.

Kitu kingine cha kuuliza ni alikozaliwa hasa. Kijiji mlipo sasa huenda kilianzishwa na Operesheni Vijiji, ile ya serikali kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, ambayo Kigoma ilianza mapema na kwingine ikapamba moto mwaka 1974. Kijana aliyeandikishwa 1978 anaweza kuwa ameandikwa kwa jina la kijiji kipya, la mahame, au la kituo cha treni kilicho karibu. Andika yote matatu.

2. Fungua sanduku la bati

Kila familia ina sanduku moja ambalo watoto hawaruhusiwi kuligusa. Humo mtafute barua, bahasha, picha, kadi, risiti, na chochote chenye muhuri. Bahasha msiitupe: kwa kazi hii muhuri wa posta una thamani kuliko barua yenyewe, kwa kuwa mwandishi husahau kuweka tarehe lakini posta haikusahau.

Pigeni picha kila karatasi, pande zote mbili, mchana, kivulini, bila mwanga wa simu. Msizipeleke kuwekewa plastiki ya moto. Binamu yangu alifanya hivyo kwa nia njema kabisa, na barua ya pekee iliyoandikwa kwa penseli ikageuka rangi ya chai. Wekeni nakala halisi kwenye bahasha kavu, mbali na mchwa, na msimkabidhi mtu yeyote anayesema "nitawarudishia kesho", hata akiwa na cheo.

Mkishamaliza, tengenezeni orodha ya majina yote aliyowahi kuitwa. La kuzaliwa, la ubatizo au la Kiislamu, la baba, la babu, la utani, na la shule. Vijana wengi walijiandikisha kwa jina ambalo mama zao hawakulijua. Wetu alitumia jina la babu kama la ukoo, na kosa hilo dogo lilitugharimu miezi minne.

3. Kubisha hodi jeshini

Msiende moja kwa moja makao makuu. Kila wilaya ina Mshauri wa Mgambo, ofisa wa jeshi ambaye kwa kawaida hupatikana kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Huyo ndiye mlango. Kabla ya kumwona, pitia kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa na kwa mtendaji, upate barua ya utambulisho yenye muhuri. Ukienda bila muhuri utarudishwa kuufuata, tena nauli juu yako.

Kwanza jueni kama alikuwa askari wa kuajiriwa, alitoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), au alikuwa mgambo. Vita vile vilikusanya watu wa kila aina, mgambo wakiwa wengi, na njia ya kumbukumbu zao si moja. Kama mna namba yake ya jeshi, iandikeni juu kabisa. Kama hamna, andikeni wilaya aliyoandikishwa, kambi mliyosikia ikitajwa, na majina ya wenzake wawili au watatu walioondoka siku hiyo.

Barua iwe fupi. Yetu ilisema hivi:

"Sisi ni familia ya (majina yote), aliyeandikishwa wilaya ya Urambo mwishoni mwa mwaka 1978. Tunaomba kuthibitishiwa tarehe, mahali na namna alivyofariki, kikosi chake, na mahali alipozikwa. Barua hii ni kwa ajili ya kumbukumbu ya familia, haihusu madai ya malipo."

Sentensi ya mwisho msiiache. Kama kuna mafao mnayoamini hayakulipwa, hiyo ni barua nyingine, siku nyingine, ikiwezekana iandikwe na mtu mwingine. Nimeona familia moja ikichanganya mambo haya mawili, faili likahamia meza ya fedha, na mpaka leo hawajui kijana wao amelala wapi.

Halafu subirini. Chukueni nakala yenye muhuri wa kupokelewa, mwe mnapita kuuliza kila baada ya wiki chache, kwa adabu. Ofisi moja ilituambia mara mbili kwamba barua yetu haikuwahi kufika, na mara zote mbili nakala ile yenye muhuri ndiyo iliyozungumza.

4. Kama hakufa kwa risasi

Hapa ndipo familia nyingi zinapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwetu hadithi ilikuwa moja. Mjomba alipigwa risasi Masaka, Uganda, akiwa mbele, akifyatua. Shangazi mmoja aliongeza bendera, mwingine akaongeza maneno ya mwisho. Nilikua na hadithi hiyo na niliipenda. Mzee tuliyempata Nzega, aliyekuwa naye kikosi kimoja, alitusikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya, akasema, "Wanangu, lile lori lilipinduka." Mvua, utelezi, usiku, taa zimezimwa. Hawakuwa wamefika hata mstari wa mbele. Walikufa watatu.

Tulirudi nyumbani tukibishana kwenye basi tumwambieje bibi. Tukaamua tusimwambie. Jioni, akiwa anapembua mchele, akatuuliza tuliyoyakuta, tukamung'unya maneno. Akasema bila kuinua kichwa, "Mmeambiwa habari za gari." Barua ya jeshi ilipoletwa wakati ule wa vita, mwalimu wa shule ndiye aliyemsomea, na neno "ajali" lilikuwemo. Yeye na mwalimu wakakubaliana liishie hapo. Siku ileile shangazi walianza kusema risasi, naye akaona wanalia vizuri, akawaacha.

Hesabu inayonukuliwa zaidi kuhusu askari wa Tanzania waliokufa katika vita vile ni 373, na kati yao waliouawa katika mapigano ni 96. Maana yake ni kwamba familia nyingi zinazosimulia risasi zinasimulia kitu kingine. Lori, homa, maji, silaha iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Jeshi lililotembea kutoka Kagera mpaka mpaka wa Sudan, kwa njia za matope, lingeponaje ajali?

Ushauri wangu, na najua wapo watakaoupinga: andikeni lililotokea. Kijana aliyepanda lori lile alikuwa ameshakubali kwenda kule lilikokuwa likienda. Lakini fanyeni kwa utaratibu. Mwambieni kwanza mkubwa wa familia, peke yake, kabla ya kikao. Msitangaze ukweli mpya siku ya shughuli, mbele ya wageni, maana atakayeaibika si marehemu, ni yule shangazi aliyekuwa akisimulia kwa miaka 40. Kama wakubwa hawako tayari, kibao kiandikwe "alifariki katika vita vya Kagera" tu. Neno hilo linawabeba wote, na maelezo yakae kwenye daftari mnaloandikia haya yote.

5. Safari ya Kaboya

Makaburi ya mashujaa wa vita vya Kagera yako Kaboya, wilaya ya Muleba. Kutoka Kigoma unapita Kasulu, Kibondo, Kakonko na Nyakanazi, kisha Biharamulo, mpaka Muleba. Kutoka Tabora unapita Nzega, Kahama, Ushirombo, halafu unaingia Biharamulo. Msisafirishe ukoo mzima kabla hamjathibitishiwa kwamba jina lenu lipo. Tumeni watu wawili, mmoja mwenye macho mazuri na mmoja mwenye mdomo mzuri.

Ni eneo la jeshi. Ombeni kibali mapema, vaeni kiheshima, na simu zibaki mifukoni mpaka mwenyeji aseme mnaweza kupiga picha. Chukueni udongo kidogo tu kama mila yenu inataka, na mwambieni anayewaongoza kwamba mnauchukua. Sisi tulibeba maji ya kisima cha nyumbani kwenye chupa ya lita moja na nusu, tukamwagia pale. Hakuna aliyetuelekeza. Bibi alisema tu kijana aliondoka hajanywa maji.

6. Kibao nyumbani

Hata akiwa na kaburi Kaboya, wekeni kitu karibu, mahali mama yake au dada zake wanaweza kufika kwa miguu. Kaburi la umbali wa siku nzima kwenye basi halipaliliwi.

Mahali: makaburini kwa ukoo, uani, au penye mti aliokuwa akikaa. Kando ya barabara kuu, hapana. Watu wanapenda kionekane, halafu siku moja wanakuja watu wa barabara na rangi nyekundu, mnapigwa X, marehemu anahamishwa mara ya pili.

Kifaa: mninga. Tabora hatuna shida ya mninga, mchwa hauupendi, na fundi seremala yeyote mzuri atachonga herufi zikasomeka miaka mingi. Zege nalo linafaa kama mnajua kulimwagia maji likikauka. Andikeni kwa msumari likiwa bado bichi, asubuhi, kabla kuku hawajafunguliwa. Yetu ina nyayo.

Maneno: yawe machache, na kwanza yaelekezwe kwa mtu, cheo kije baadaye. Sisi tuliandika majina yake matatu, 1958–1979, kisha: "Winga wa kulia. Alifariki katika vita vya Kagera." Kaka mkubwa alitaka "shujaa wa taifa" iwe juu. Tukamwambia taifa lina mnara wake, hapa ni kwao. Alinuna wiki mbili, baadaye ndiye aliyelipa fundi.

Fulana zenye picha ya marehemu sizipendi, hazifuliki vizuri na uso unapauka kabla ya mwaka. Lakini zikiwaunganisha vijana, chapeni.

Na kama kuna mtoto anayetarajiwa nyumbani, msisahau njia ya zamani kuliko zote: mpeni jina. Huyo atakapoitwa kwenye chai kila asubuhi, hakuna mnara utakaomfikia.

7. Siku yenyewe

Taifa linawakumbuka tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Tarehe hiyo ni nzuri kwa watu wa Tabora na Kigoma, kiangazi, njia ni kavu na chakula kipo ndani. Wakatoliki wengine huchagua 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, na kwa vita hivi ina uzito wake kwa kuwa ndiyo siku Mwalimu alipotangaza vita. Ila mvua zinakuwa zimeanza na watu wako mashambani. Waislamu watasoma hitma siku yoyote inayowafaa.

Utaratibu wetu ni mfupi: dua au sala, kisha mtoto mmoja wa shule anasoma ukurasa mmoja wa daftari, kisha mzee mmoja aliyemjua anasimulia jambo moja. Jambo moja. Mkimwachia wazi, mtasikia vita vyote kuanzia daraja la Kyaka na wali utapoa. Viongozi wakija, wakaribisheni kama jirani yeyote, lakini kipaza sauti kisiwepo.

Kwa walio na msiba wa karibuni

Wapo ambao kijana wao hakufia Kagera. Walinda amani saba wa Tanzania waliuawa Darfur Julai 2013, na Desemba 2017 shambulio la Semuliki, mashariki mwa Kongo, liliua wengine wasiopungua 14. Kwa familia hizi kwa kawaida makaratasi yapo na mwili ulirudi, kwa hiyo hatua nyingi za juu hazihitajiki. Umoja wa Mataifa hutoa nishani ya Dag Hammarskjöld kwa waliofia kwenye ulinzi wa amani. Kama haijawafikia, ulizeni jeshini. Kinachohitajika zaidi ni kumwacha mjane apumue. Msimpangie tarehe, msirushe picha za jeneza kwenye makundi ya simu, na mkitaka kukusanya kumbukumbu za wenzake, zikusanyeni sasa, wakiwa bado na namba zilezile.

Na wa vita vya Wazungu, yaani Vita vya Kwanza vya Dunia, wale babu waliobeba mizigo Wabelgiji walipochukua Kigoma na Tabora mwaka 1916? Majina yao mengi hayakuandikwa popote. Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa sawa na wenzao, ikaomba radhi. Kama mna jina hata moja kutoka kwa babu, liandikeni kwenye daftari hilohilo, ukurasa wa mwanzo.

8. Nakala tatu

Daftari likijaa, litoeni nakala tatu. Moja ikae kwenye sanduku la bati. Ya pili aipate mtu wa ukoo anayeishi mbali, ili moto au mafuriko yasichukue zote. Ya tatu mpelekeeni yule rafiki yake, mzee aliyewapa habari nyingi, hata kama macho yake hayasomi tena.

Wa kwetu alipoipokea aliifungua ukurasa wenye picha, akaweka kidole juu ya ile saa. Kisha akaikunja ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na kadi yake ya chama cha msingi cha tumbaku, akamwita mjukuu aiweke chini ya godoro upande wa ukutani.